Maksi za Programu: Nani Ameiandika, Nani Anaweza Kuieleza



Mada yangu ya leo inatosha kwenye ukurasa mmoja. Ni ule ukurasa anaopewa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza siku anapoanza kozi ya kuandika programu za kompyuta: kazi zitakuwa ngapi, zitakusanywa lini, nani aruhusiwe kusaidiana na nani, na maksi zitagawanywaje. Wengi huusoma mara moja wakaukunja. Mimi nadai kwamba ukurasa huo ndio unaoamua kama chuo kitatoa waandishi wa programu au watu wenye vyeti vya programu.

Nimeileta hoja hii Bukoba kwa sababu ya Itahwa. Kampasi ya Kagera ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale katika kata ya Karabagaine, imetokana na mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa vyuo vya nchi nzima. Majengo yana ramani, mhandisi na mkaguzi. Kanuni za maksi huandikwa na mwalimu mmoja usiku wa kuamkia kipindi cha kwanza, mara nyingi kwa kunakili za mwaka uliopita. Ndiyo maana naona ni halali wazazi na walimu wa sekondari wa mkoa huu nao wazijadili.

Msimamo wangu nautaja mapema, ili anayetaka kunipinga ajiandae. Mwanafunzi apate maksi kwa programu anayoweza kuieleza, kuijaribu na kuibadilisha akiwa mbele ya mwalimu. Programu inayotoa jibu sahihi lakini mwenyewe hawezi kuisemea neno, ipate sehemu ndogo ya maksi, hata kama imeandikwa kwa ufundi wa kupendeza.

Mambo mawili ya mwaka 1974

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye serikali ikahamishia hesabu zake kwenye kompyuta, na mambo yakaharibika. Hesabu zikavurugika hadi ikabidi kurudi kwenye vitabu na kalamu. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Klodwig Mgaya, msomi aliyeandika historia ya teknolojia hii Tanzania, anaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa upungufu wa wataalamu wa ndani. Mashine zilikuwepo, programu zilikuwepo, na walioziweka wengi walikuwa wageni. Zilipokosea, wenye nchi hawakuwa na watu wa kutosha wa kuzifungua na kuzirekebisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Novemba ya mwaka huohuo, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ng'ambo ya pili ya ziwa letu, ikapitisha Azimio la Musoma kuhusu elimu. Azimio lilishambulia tabia ya kumpima kijana kwa mtihani wa mwisho peke yake, likataka kazi anazofanya mwaka mzima nazo zihesabiwe. Wazo lenyewe lilikuwa limeshasemwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea: mitihani yetu ilikuwa inapima kumbukumbu, na shule zikajipanga kulisha kumbukumbu hiyo.

Maamuzi hayo mawili yalifanywa katika vikao tofauti na kwa sababu tofauti. Lakini ukiyaweka pamoja, unapata swali zima la mhadhara huu. La kwanza lilitokana na taifa kuwa na programu lisizoweza kuzirekebisha. La pili lilisema anayejua kazi apimwe kwa kazi. Nusu karne baadaye, kozi ya programu ndiyo mahali ambapo mambo hayo mawili yanakutana, na kwa jinsi tunavyogawa maksi, tunayapoteza yote mawili.

Maksi zinavyokwenda sasa

Katika vyuo vyetu vingi, kazi za muhula huhesabiwa maksi 40 na mtihani wa chuo maksi 60. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A huanzia 70, B+ 60, B 50 na C 40. Chini ya hapo kijana anaanza kuongea lugha ambayo wazazi huisikia kwenye simu bila kuielewa: amepata sapu, amekeri somo, au amedisko. Kusapu ni kurudia mtihani. Kukeri ni kulibeba somo hadi mwaka unaofuata. Kudisko ni kurudishwa nyumbani.

Sasa tazameni zile 40 za kazi za muhula zinavyopatikana. Mwalimu anatoa asaimenti, swali lilelile la mwaka jana. Majibu ya mwaka jana yako kwenye steshenari iliyo nje ya geti, na kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Anayejua anaandika, wenzake wanadesa, yaani wananakili, wanabadilisha majina ya vigeu na kutuma. Kwenye kazi ya kikundi neno ni moja tu: "niweke jina." Kikundi cha watu 8 kina mtu mmoja aliyefanya kazi na mwingine aliyelipia kuchapa. Kisha inakuja ile 60, na hapo mwanafunzi anaandikishwa programu kwa kalamu kwenye karatasi, bila mashine ya kumwambia kama amesahau alama. Kwa hiyo sehemu ya kwanza inapima urafiki, ya pili inapima kukariri.

Nawaomba wazazi msikimbilie kusema vijana wa siku hizi hawana maadili. Kijana anayetegemea bumu la Bodi ya Mikopo anajua kwamba akidisko, mkopo unakwenda na chuo kinakwenda. Mwenzake ana laptopu, yeye ana simu janja na bando la siku moja. Darasa lina watu 200 na mwalimu mmoja, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hata moja kuhusu programu aliyotuma. Ukimweka mtu mahali ambapo kudesa kuna faida ya uhakika na kujifunza kuna hatari ya uhakika, usishangae akichagua kudesa. Kanuni ndiyo inayoweza kugeuza mizani hiyo.

Asaimenti moja ya kahawa

Tuchukue kazi moja tuifuate tangu inapotolewa hadi inapopata maksi. Tuseme mwalimu anasema: andika programu ya chama cha ushirika inayokokotoa malipo ya mkulima wa kahawa ya maganda. Mkulima wa Kamachumu ameleta kilo 42, kisha kilo 37.5. Bei ni shilingi 1,500 kwa kilo. Chama kinakata shilingi 50 kwa kila kilo, na mkulima anadaiwa mkopo wa pembejeo wa shilingi 60,000.

Jibu sahihi tunalifanya hapa hapa. Kilo zote ni 79.5, zikizidishwa kwa bei ni shilingi 119,250. Toa makato 3,975, toa mkopo 60,000, mkulima anaondoka na shilingi 55,275.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukosea mahali pamoja ambapo kila mwalimu wa somo hili anapajua: anaiagiza kompyuta ihifadhi kilo kama namba nzima. Ile nusu kilo inatupwa kimyakimya. Programu inaandika shilingi 54,550, bila onyo, kwa maandishi safi. Shilingi 725 zimepotea. Kwa wakulima 4,000 waliokatwa nusu kilo namna hiyo, ni shilingi 2,900,000. Hakuna aliyeiba; kuna mtu aliyeandika neno moja bila kuelewa maana yake.

Kuna swali la pili, ambalo ni gumu zaidi. Mkulima aliyeleta kilo 20 tu anapata shilingi 29,000 baada ya makato, na mkopo wake ni 60,000. Programu ya haraka itaandika kwamba malipo yake ni shilingi hasi 31,000. Je, atoe fedha mfukoni? Deni lihamie msimu ujao? Likibaki zima, atarudi kwenye butura, auze kahawa ikiwa bado mtini? Mashine haijui. Jibu liko kwenye kanuni za chama, na mwandishi wa programu anapaswa kwenda kuuliza. Mwanafunzi aliyedesa hafiki kwenye swali hili, kwa sababu programu aliyoinakili ilishalipita.

Mashine ya kusahihisha na mdomo wa mwanafunzi

Darasa la watu 200 haliwezi kusahihishwa kwa macho. Ndiyo maana vyuo hutumia programu ya kusahihisha programu. Jambo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani: Jack Hollingsworth wa Rensselaer, Marekani, aliandika kuhusu msahihishaji wa namna hiyo mwaka 1960, wakati wanafunzi walikuwa wakileta kazi kwenye kadi zilizotobolewa. Utaratibu ni rahisi. Mwalimu anaandaa majaribio: kilo 42 na 37.5, kilo sifuri, mkopo uliozidi malipo, mkulima aliyeleta mara moja tu. Mashine inaendesha programu ya mwanafunzi kwa kila jaribio na kulinganisha majibu.

Naiunga mkono mashine hiyo, mradi tujue mipaka yake. Ninyi wa mkoa huu mnajua zaidi yangu jinsi kahawa inavyopangwa: chekeche linatenganisha punje kubwa na ndogo kwa haraka na bila upendeleo, lakini bei ya mwisho inamsubiri muonjaji, kwa sababu tundu la chekeche halina ulimi. Mashine ya kusahihisha ni chekeche. Inajua jibu limetoka au halikutoka. Haijui nani ameandika, kama anaelewa, wala kama msimbo wake unasomeka na mwenzake atakayeurithi.

Kwa hiyo napendekeza maksi 100 za kila asaimenti zigawanywe hivi. Mashine itoe 40 kwa majibu sahihi. Maksi 15 ziende kwa majaribio ambayo mwanafunzi mwenyewe ameyabuni kuitafutia programu yake makosa. Nyingine 15 ziende kwa usomaji: majina ya vigeu yenye maana, sehemu zilizopangwa, maelezo mafupi pale penye ugumu. Zinazobaki 30 zitolewe kwa mdomo. Mwanafunzi anakaa mbele ya kompyuta, anaulizwa mstari mmoja unafanya nini, kisha anapewa badiliko dogo: fanya makato ya mkopo yasizidi nusu ya malipo ya msimu. Dakika 5 zinatosha. Aliyeiandika programu anajua pa kugusa. Aliyeidesa anatafuta mahali pa kuanzia hadi muda unaisha.

Zile 15 za majaribio zina sababu nzito. Uingereza, kuanzia 1999, Posta ilitumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo, na kati ya 1999 na 2015 zaidi ya mawakala 900 wa posta walitiwa hatiani, wengine wakafungwa. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Kiini cha msiba ule ni imani kwamba kompyuta ikisema fedha zimepungua, basi mtu ndiye mwizi. Nasi leo tuna MUVU, mfumo wa kidijitali wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vyama vya msingi vinazidi kuhifadhi hesabu za wakulima kwenye kompyuta. Tunahitaji vijana waliozoea kuishuku programu tangu muhula wa kwanza, kuanzia na ile waliyoiandika wenyewe.

Kusaidiana na akili unde

Swali ninaloulizwa na kila darasa ni: "Mwalimu, turuhusiwe kusaidiana?" Ndiyo. Hakuna aliyejifunza kuandika programu akiwa amejifungia peke yake. Kanuni nzuri haikatazi mazungumzo. Inasema: kaeni, chorani ubaoni, bishaneni, lakini mkiachana, kila mmoja aondoke mikono mitupu. Asibebe picha ya msimbo kwenye simu wala faili kwenye fleshi. Akifika kwake aandike kutoka kichwani, na juu ya kazi yake ataje waliomsaidia. Kumtaja aliyekusaidia kusipunguze maksi hata moja; kumficha kuzipunguze.

Kuna vyombo vya kugundua kazi zinazofanana. Maarufu ni MOSS, alichokianzisha Alex Aiken mwaka 1994. Kinasaidia, ila katika kozi ya kwanza programu ya mistari 10 itafanana kwa watu 20 wasiojuana, kwa sababu njia ya kuiandika ni moja au mbili. Kufanana kuwe sababu ya kumwita mwanafunzi aeleze, kusiwe hukumu.

Na akili unde? Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, mwanafunzi mwenye simu anapata programu ya mkulima wetu wa Kamachumu kabla mwalimu hajamaliza kusoma swali. Wapo wanaotaka kuwakamata kwa vyombo vya kugundua. Mimi siviamini. Utafiti wa Stanford wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba vyombo vya namna hiyo vilizisingizia kwa wingi insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Watu hao ni sisi. Kanuni yangu ni hii: wiki za mwanzo, wakati mtu anajifunza vigeu, masharti na vitanzi, akili unde isiguswe. Baada ya hapo iruhusiwe, mwanafunzi akieleza aliuliza nini, alipewa nini na alibadilisha nini. Halafu aje aketi zile dakika 5 kama wengine. Mbele ya swali la mdomo, aliyedesa kwa rafiki na aliyedesa kwa mashine wako sawa.

Naongeza kanuni moja ya huruma. Kozi ya CS50 ya Harvard ina kifungu, tangu 2014, kinachomruhusu mwanafunzi aliyevunja masharti ya kusaidiana kujitokeza mwenyewe ndani ya saa 72. Akijitokeza, anaweza kupoteza maksi za kazi ile, lakini hapelekwi kwenye adhabu za chuo isipokuwa akirudia. Kwetu, ambako adhabu ya udanganyifu inaweza kumaliza safari ya elimu ya ukoo mzima, mlango kama huo unafaa zaidi. Mwanafunzi aliyedesa saa 6 usiku kwa woga anaweza asubuhi kuja kusema, akarudia kazi, akajifunza.

Umeme, ziwa na saa ya kukusanya

Kanuni za muda hunakiliwa kutoka vyuo vya mbali bila kutazama dirishani. "Mwisho saa 6 usiku" ni kanuni ya mtu mwenye intaneti nyumbani. Hapa, kwa miaka mingi umeme wetu ulitoka Uganda ukipitia Kyaka, na kila mtu anajua radi ya Bukoba inavyofanya mvua ikianza. Mwanafunzi aliyekwenda kumwona mama Goziba, Bumbire au Ikuza, visiwa vya Muleba, anategemea boti na hali ya ziwa.

Kwa hiyo kazi zikusanywe saa 10 jioni siku ya kazi, maabara ikiwa wazi na mkufunzi msaidizi akiwepo. Anayekuja na fleshi apokelewe sawa na anayetuma kwa intaneti. Na kila mwanafunzi awe na siku 3 za akiba kwa muhula, anazozitumia bila kuomba wala kueleza msiba wake. Zikiisha, zimeisha. Utaratibu huu unampunguzia mwalimu kusikiliza visa, na unampunguzia kijana mwoga hasara ya kutojua kuomba.

Mnayoweza kunipinga nayo

Wa kwanza atasema: muda hautoshi. Tufanye hesabu. Wanafunzi 200 kwa dakika 5 ni dakika 1,000, yaani saa 16 na dakika 40. Kwa wasahihishaji wanne, kila mmoja anabeba saa 4 na dakika 10. Asaimenti zikiwa 4 kwa muhula, ni chini ya saa 17 kwa kila mmoja. Kusahihisha marundo ya karatasi zilizodeswa kunachukua muda huo au zaidi, na hakumfundishi mtu kitu.

Wa pili atasema: maksi za mdomo zinafungua mlango wa upendeleo. Hofu hiyo ni ya haki, na anayeipuuza hajasoma chuo. Dawa yake ni maswali yaliyoandikwa mapema na kuchaguliwa kwa kura, karatasi ya maksi yenye vigezo, msahihishaji asiyepangiwa kikundi anachokifundisha, na haki ya kudai kuulizwa upya na mtu mwingine.

Wa tatu atasema: mwanafunzi mwenye haya, au ambaye Kiingereza chake ni cha kusitasita, ataumia. Basi aeleze kwa Kiswahili. Kompyuta haitajali, na tunachopima ni kama anaelewa kitanzi chake kinasimama lini. Anayetetemeka apewe badiliko la kufanya kwa vidole kabla ya kuulizwa kwa mdomo.

Ninachoomba

Kwa walimu wa sekondari wa Bukoba na Muleba: anzeni kabla chuo hakijaanza. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma kompyuta aulizwe "kwa nini umeandika hivi?" angalau mara moja kila wiki, hata kama shule ina kompyuta tano. Swali halihitaji umeme.

Kwa wazazi: mtoto akileta A ya programu, msimpe zawadi kabla hajawaonyesha. Mwambieni ampigie babu hesabu ya kahawa yake, kilo, nusu kilo na deni, kisha aeleze kila hatua. Hamhitaji kujua kompyuta ili kumsikia mtu anayejua anachosema.

Kwa vyuo, pamoja na hicho kilichoweka msingi Itahwa: kanuni za kazi na maksi zijadiliwe na idara nzima, zichapwe kwenye ukurasa mmoja, na zitolewe kabla ya wiki ya kwanza. Zitaje wazi kwamba asiyeweza kuieleza programu yake hapati zaidi ya zile 40 za mashine, hata kama majaribio na usomaji wake ni mzuri. Serikali ya 1974 iligundua kwa gharama kubwa kwamba programu isiyo na mtu wa kuirekebisha ni mzigo. Sisi tunaweza kumfundisha kijana jambo hilo kwa gharama ya dakika 5 na maksi 30, akiwa bado mwaka wa kwanza, kabla hesabu za mkulima yeyote hazijawekwa mikononi mwake.

Sasa maswali, na atakayenipinga kuhusu zile 40 aanze yeye.